Tujue aina ya hati kabla ya kununua ardhi ng'ambo ya ziwa

Katika vyumba vya walimu vya shule zetu za Kisumu, Siaya na Homa Bay, mazungumzo ya ploti hayaishi. Yalianza zamani, wakati ambapo mkopo wa chama cha akiba ulitosha kumpatia mwalimu kipande cha ardhi Mamboleo au Kogony. Siku hizi bei ya huko imewapita wengi, na macho yamevuka mpaka. Utamsikia mmoja akisifu viwanja vya Busia upande wa Uganda, mwingine akinong'ona habari za Entebbe, na wa tatu akiapa kwamba kando ya Mwanza, na hata karibu zaidi pale Shirati, ardhi bado inapatikana kwa fedha ambazo Kisumu hazinunui mahali pa kujenga jiko. Maswali wanayoulizana ni ya watu wenye busara. Je, kuna maji? Kuna barabara? Majirani ni watu wa namna gani? Kisha huja swali la mwisho: "Ina hati?" Wakijibiwa kwamba hati ipo, tena imepigwa muhuri, mazungumzo hukoma na kila mmoja hurudi darasani roho yake ikiwa imetulia.

Yangu haitulii. Swali hilo ni nusu tu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayowala watu fedha zao. Hati ni karatasi inayoshuhudia haki, lakini neno lenyewe halisemi ni haki ipi. Ipo hati ya kumiliki ardhi bila kikomo cha miaka. Ipo ya kuikalia kwa miaka 33 kisha uombe upya. Ipo inayompa mtu ardhi ambayo juu yake wanaishi watu wengine asioweza kuwaondoa. Na ipo ambayo kisheria haiwezi kuandikwa jina la mgeni, hata mgeni huyo angelipa mara kumi ya bei. Zote hizo, katika mdomo wa dalali, ni "hati".

Neno "mgeni" nalo lina utata wake. Mtu wa Muhuru Bay akivuka kwenda Shirati huzungumza Kijaluo kilekile, hula samaki waleule na aghalabu huwakuta huko wajomba na shangazi zake. Msamia wa Kenya na Msamia wa Uganda ni watu wa nyumba moja. Wakoloni ndio walioukata ukoo huu vipande, tena kwa rula: mpaka wa Kenya na Tanzania ndani ya ziwa hufuata nyuzi 1 kusini ya ikweta, na hakuna samaki wala binadamu aliyeulizwa. Hata Kisumu yenyewe, reli ilipofika mwaka wa 1901, ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Iliingizwa upande wetu mwaka uliofuata, 1902. Kwa hiyo mwalimu wa Kisumu anayenunua ardhi ng'ambo hahisi kwamba anakwenda ugenini. Lakini sheria ya ardhi haiulizi unazungumza lugha gani na mama yako alizaliwa wapi. Inauliza wewe ni raia wa nchi gani.

Kabla ya kuvuka mpaka, na tuitazame hali ya hapa nyumbani, kwa kuwa wengi wetu huibeba Kisumu vichwani tunapokwenda kununua kwingine. Hapa tuna aina mbili kubwa za umiliki kwa mtu binafsi. Ya kwanza ni umiliki wa kudumu, ambao hauna mwisho wa miaka. Ya pili ni umiliki wa mkataba wa muda, ambapo mwenye ardhi hasa ni serikali au mtu mwingine, nawe umepewa haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Viwanja vingi vya katikati ya mji wa Kisumu ni vya aina hii ya pili, na chimbuko lake ni Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902, iliyoruhusu mikataba ya miaka 99. Baadaye, mwaka wa 1915, walowezi walidai na kupewa miaka 999, kana kwamba walitarajia kuishi kama Methusela. Lakini ukitoka mjini hatua chache, ukaingia Manyatta, Nyalenda au Kogony, utakuta umiliki wa kudumu. Maeneo hayo yalikuwa mashamba ya ukoo, yakapimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu, na mipaka ya mji ilipopanuliwa katika miaka ya 1970 yakamezwa na mji yakiwa na hati zake. Ndiyo sababu katika mji mmoja, watu wawili wanaotazamana dirishani wanaweza kuwa na haki mbili tofauti kabisa.

Hata karatasi zenyewe hutofautiana kwa jina. Mwenye umiliki wa kudumu hupewa hati ya kumiliki. Mwenye mkataba wa muda hupewa cheti cha kukodi. Mnunuzi asiyesoma kichwa cha karatasi anaweza kulipa bei ya milele kwa ajili ya miaka 11 iliyosalia. Na miaka hiyo ikiisha, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba aliyekuwa akiishikilia apewe nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, mradi tu awe raia wa Kenya. Kwa asiye raia, kipengele hicho hakimsaidii.

Sasa tuvuke kwenda kusini. Tanzania ndiko Mkenya hupotea zaidi, kwa sababu kitu anachokitafuta huko hakipo. Umiliki wa kudumu wa ardhi uliondolewa Tanganyika mwaka wa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, ukageuzwa kuwa mikataba ya serikali, na mwaka wa 1969 mikataba hiyo nayo ikageuzwa kuwa haki ya kukalia. Fikra hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa ameieleza mapema, mwaka wa 1958, katika kijitabu chake cha Mali ya Taifa. Aliona kwamba mtu akiruhusiwa kuiuza ardhi kama anavyouza koti, wachache wenye fedha watainunua yote na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Hadi leo ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Anachopata raia wa Tanzania ni hakimiliki, yaani haki ya kuikalia na kuitumia ardhi kwa muda, nao muda huo kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na hutakiwa kuiendeleza kwa namna aliyoahidi. Akivunja masharti, haki hiyo inaweza kubatilishwa. Kijijini mambo ni mengine tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, huikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na halmashauri hiyo ndiyo inayotoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Ni hati halali yenye nguvu sawa na ile ya mjini, wala si karatasi ya kubeza. Lakini si ya mgeni. Na dada yake, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka uleule, inasema waziwazi katika kifungu cha 20 kwamba asiye raia hatagawiwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji chini ya sheria za uwekezaji. Hata hapo hapewi hakimiliki yenyewe. Mamlaka ya uwekezaji ndiyo humilikishwa, kisha humpa mwekezaji haki ndogo iliyochipuka kutoka katika ile kubwa. Kampuni ambayo wenye hisa walio wengi si raia huhesabiwa kuwa mgeni vilevile.

Sasa mtazame mwalimu wetu wa Kisumu aliyefika kijiji fulani cha Rorya na akiba yake ya miaka 9. Mwenyeji mkarimu amemwonyesha shamba linaloteremka hadi ziwani. Hati ya kimila ipo, si ya kughushi, imetiwa saini na wote wanaohusika. Mwalimu analipa, wanaandikiana karatasi mbele ya wazee, wanakula ugali pamoja. Nani amemdanganya nani? Hakuna. Muuzaji ana hati ya kweli, ila mnunuzi hawezi kurithishwa haki iliyomo. Alichonunua ni urafiki wa yule mzee, na mzee akifa wanawe hawana wajibu wa kuuendeleza urafiki huo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba adui mkubwa wa mnunuzi ni tapeli. Tapeli yupo, tena ni wengi, lakini mkataba kama huu humwangamiza mtu bila tapeli yeyote kuwapo.

Ninajua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba hayo yalikuwa ya zamani, na kwamba sasa tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna Soko la Pamoja, mtu anavuka kwa kitambulisho. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Lakini waliosherehekea siku hiyo hawakusoma ibara ya 15, ambamo nchi wanachama zilikubaliana kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, mlango wa biashara na kazi ulifunguliwa, na mlango wa shamba ukaachwa na kufuli lake. Tanzania haikuficha msimamo wake katika jambo hili.

Na mimi, ingawa ni Mkenya, naunga mkono kufuli hilo. Msomaji asistaajabu. Iwapo mlango ungefunguliwa kesho, hasingekuwa mwalimu wa Seme anayenunua ekari mbili Shirati. Angekuwa mwenye fedha wa Nairobi, na nyuma yake wenye fedha wa mbali zaidi, wakinunua ufuo mzima kutoka Musoma hadi Mwanza. Sisi tunayajua hayo. Tumeona kilichotokea kwa mashamba yetu ya umiliki wa kudumu: kugawanywa vipande na vipande hadi ng'ombe hana pa kugeukia, kuwekwa rehani na kunadiwa, kuuzwa na baba mmoja mlevi huku wanawe wako shuleni. Tunaabudu umiliki wa kudumu kana kwamba ndio pekee unaomfanya mtu kuwa mwenye mali. Uingereza kwenyewe, tulikochota sheria zetu, wenye fleti wengi wa London wanazimiliki kwa mikataba ya muda. China, ardhi ya mjini ni ya dola na mwenye nyumba hupewa haki ya matumizi ya miaka 70. Mtu anaweza kuishi, kujenga na kuwalea wajukuu katika miaka 99. Ubaya hauko katika muda, uko katika kununua muda ukidhani umenunua milele.

Uganda ni hadithi nyingine, na ni ngumu zaidi ya ile ya Tanzania. Katiba yao ya 1995, ibara ya 237, inasema kwamba ardhi ni ya raia wa Uganda, nao wataimiliki kwa njia nne: ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya mkataba wa muda. Asiye raia ameachiwa njia moja tu, ile ya mwisho, nayo isizidi miaka 99. Mkenya anayeambiwa kwamba amepata umiliki wa kudumu Tororo au Jinja, akiwa na pasipoti yake ya Kenya na jina lake mwenyewe, na aulize mara ya pili.

Lakini jambo linalohitaji kuelezwa kwa kituo ni hiyo mailo, maana ndiyo inayotawala Entebbe, Mukono na sehemu kubwa ya Kampala. Neno lenyewe limetokana na maili. Katika Mkataba wa Buganda wa 1900, Waingereza waligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, jamaa zake na machifu wapatao elfu moja. Wakulima waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo walilala wakiwa wenyeji na kuamka wakiwa wapangaji. Malalamiko yalipozidi, sheria ya 1928 iliwawekea wenye ardhi kikomo cha kodi, iitwayo busuulu, na kuwazuia kuwafukuza wakulima ovyo. Idi Amin, kwa amri yake ya 1975, alitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairejesha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo ikamlinda mkulima, hata yule ambaye hakupewa ruhusa na mtu, mradi alikuwa ameishi na kulima hapo bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba hiyo. Mwaka wa 2010 ulinzi huo uliongezwa nguvu: mkulima hawezi kuondolewa ila kwa kutolipa kodi yake, tena kwa amri ya mahakama.

Matokeo ni kwamba juu ya kipande kimoja cha ardhi wanaweza kuwako wenyewe wawili, na wote wawili wako sawa. Mmoja ana hati ya mailo iliyohifadhiwa kabatini Kampala. Mwingine hana hati yoyote, ila ana nyumba, migomba, makaburi ya babu zake na haki ya kukaa. Haki hii ya pili huitwa kibanja. Masikio ya Mkenya husikia "kiwanja", naye hufikiri ameuziwa ploti. La hasha! Ameuziwa nafasi ya mpangaji, ambayo kuihamisha kwahitaji idhini ya mwenye mailo, na karatasi anayopewa ni mapatano ya mauziano tu. Kwa upande mwingine, anayekodi kutoka kwa mwenye mailo bila kwenda kutembea shambani na kuhesabu moshi wa majiko, huenda akapata mkataba safi wa miaka 49 juu ya watu sitini. Upekuzi wa ofisini hautamwonyesha moshi huo.

Nimesema habari za wanaovuka mpaka kwenda ng'ambo. Wako pia wale walio ng'ambo wanaotaka kununua hapa, na hawa ni watoto wetu, wengine wakiwa wanafunzi niliowafundisha mwenyewe. Wako Minnesota, wako Texas, wako London, wanatuma fedha za kununua ardhi Kisumu, Bondo, Rusinga. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao wanataka ngama yao iwe na nyumba ya mawe na mtazamo wa ziwa. Wengi wao hawajui kwamba huenda mbele ya sheria ya ardhi ya Kenya wao ni wageni.

Hebu tulieleze hili polepole. Chini ya katiba yetu ya zamani, Mkenya aliyeapa kuwa raia wa nchi nyingine alipoteza uraia wake. Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 ilibadilisha hayo: tangu siku hiyo, aliye raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Ama yule aliyeapa kabla ya siku hiyo, hakurudishiwa uraia kwa muujiza usiku ule. Ibara ya 14 inampa haki ya kuurudisha, lakini ni lazima aombe. Ambaye hajaomba bado si raia, hata awe anaimba wimbo wa taifa kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Na ibara ya 65 inasema kwamba asiye raia atashikilia ardhi kwa mkataba wa muda tu, usiozidi miaka 99. Zaidi ya hayo, Jedwali la Sita la katiba hiyohiyo lilisema kwamba umiliki wa kudumu uliokuwa mikononi mwa asiye raia siku ile ungerudi kwa Jamhuri, naye angepewa badala yake mkataba wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba daktari aliyezaliwa Alego, akawa Mmarekani mwaka wa 2003 na hajaomba uraia wake, hawezi kununua kwa umiliki wa kudumu shamba linalopakana na kaburi la baba yake. Tena kama ni ardhi ya kilimo, anakutana na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, ambayo huitaka bodi kukataa idhini endapo mnunuzi si raia, isipokuwa Rais amemwondolea sharti hilo. Bila idhini ya bodi, ambayo yapasa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanyika, mauziano ya ardhi ya kilimo ni batili, na alichobaki nacho mnunuzi ni haki ya kudai fedha zake kama deni. Dawa ya ugonjwa huu ni rahisi na haihitaji hongo: fomu ya kuomba uraia kabla ya fomu ya kununua ardhi. Lakini ni nani amewaambia? Dalali hawezi kuwaambia, kwa sababu naye anataka malipo yake leo.

Badala yake, mashariki na magharibi ya ziwa, watu wamebuni njia ya mkato. Mnunuzi huandikisha ardhi kwa jina la mpwa, shemeji, mchumba au rafiki aliye raia. "Sisi ni ndugu," husema, "jina ni jina tu." Nami nasema kwamba katika mambo ya ardhi jina ndilo kila kitu. Rejista ikionyesha jina la mpwa, mpwa anaweza kukopa benki kwa hati hiyo. Anaweza kuuza. Akifa, wake zake na watoto wake watakuja na makaratasi ya mirathi na hawatakuwa wamekosea. Na ukikimbilia mahakamani kusema kwamba alikuwa akikushikia tu, katiba yetu katika ibara hiyohiyo ya 65 imekwisha kukutangulia: mali iliyoshikwa kwa amana huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wote wanaofaidika nayo ni raia. Unakuwa unaieleza mahakama kwamba ulipanga kuikwepa katiba, kisha unaiomba ikusaidie.

Wapo watakaoniambia kwamba wamefanya hivyo na hawajapata madhara. Huenda. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na habari hiyo aghalabu huja baada ya msiba.

Tusije tukadhani kwamba aliye raia, akinunua aina iliyo sahihi, amekwisha kupona. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuwa hati ya Kenya ni ngao isiyotoboka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, imeitoboa mahali panapostahili: hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu ambao mwenye hati alihusika nao, au ikiwa ilitolewa kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu au kwa njia ya ufisadi. Na Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliyohusu ardhi ya ufuoni, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba hati iliyozaliwa na ugawaji haramu haimlindi hata mnunuzi wa baadaye aliyelipa kwa nia njema. Mizizi ikiwa imeoza, tunda halikuokoi. Kwa sisi wa ufuoni jambo hilo si geni wala la mbali. Ibara ya 62 imeyaweka maziwa yote katika ardhi ya umma. Anayeuziwa kiwanja kinachoishia majini Dunga na aulize kinaishia wapi hasa, kwa kuwa mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi kilichokuwa kimewahi kurekodiwa, likaingia majumbani mwa watu bila kutazama bikoni za mpima ardhi. Na mwezi Februari 2021, pale Kibos, familia za jamii ya Wanubi walioishi hapo kwa vizazi ziliona nyumba zao zikibomolewa usiku katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya Shirika la Reli. Wao walikuwa na makaburi na kumbukumbu. Karatasi ilikuwa kwingine.

Yote haya nayaandika kwa walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa sababu nina malalamiko juu ya somo letu wenyewe. Katika Historia na Serikali tumewakaririsha vijana Mpango wa Swynnerton wa 1954 kizazi baada ya kizazi. Wanajua ulibuniwa lini, na nani, na ulikuwa na shabaha gani. Mkataba wa Buganda wa 1900 wanautaja kwa ufasaha. Azimio la Arusha wanalieleza kwa hoja sita. Kisha kijana huyo aliyepata alama ya A anakuwa mwalimu, anakopa, anakwenda Entebbe kununua kibanja, na hakumbuki kwamba alikwisha kulisoma shamba hilo katika kitabu cha kidato cha tatu. Tulimfundisha mwaka, hatukumfundisha kwamba mwaka ule bado unaishi ndani ya karatasi.

Napendekeza zoezi moja, ambalo limefanyika katika darasa langu na halikugharimu zaidi ya bei ya nakala. Mwalimu atafute nakala za karatasi mbili, moja ya umiliki wa kudumu na moja ya mkataba wa muda, majina yakiwa yamefutwa. Aziweke ubaoni pamoja na ibara ya 65 ya katiba yetu, ya 237 ya Uganda na kifungu cha 20 cha sheria ya Tanzania. Kisha awape wanafunzi mnunuzi mmoja wa kubuni: mara awe Mkenya anayekwenda Mwanza, mara Mganda anayekuja Kisumu, mara Mjaluo mwenye pasipoti ya Marekani anayerudi Ugenya, mara mtoto wake aliyezaliwa Dallas, ambaye kama mmoja wa wazazi wake alikuwa raia wa Kenya siku alipozaliwa, ni raia wa kuzaliwa hata kama hajawahi kuikanyaga nchi hii. Wanafunzi waseme kila mmoja anaweza kupata haki gani, kwa miaka mingapi, kutoka kwa nani, na ni nani mwingine aliye na haki juu ya udongo huo.

Siku ya kwanza darasa langu lilibishana hadi kengele ikalia na mwalimu wa somo lililofuata akasimama mlangoni. Waliokosa zaidi walikosa kwa yule wa Ugenya. Siku ya pili wasichana wawili walikuja na swali ambalo sikuwa nimelipanga: baba zao wana hati, je, mama zao wameandikwa wapi? Tuliingia katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na tungali humo.